Moto wa Shimoni na Mpira wa Kidole

Jumapili, 13 Julai 2025

Nesi wa zahanati amesema presha yangu inaletwa na mawazo. Akaniuliza kama najua kuandika. Nikamwambia nimefika darasa la nne, kwa hiyo najua kuandika mambo ya kufikia darasa la nne. Akasema hayo yanatosha. Niyaandike yanayonisumbua, yatoke kichwani. Haya, nayatoa.

Linalonisumbua ni Jovitus. Mwanangu wa kwanza, fundi seremala pale Kayanga. Anatengeneza vitanda vya sita kwa sita, watu wanalala wawili wawili, yeye mwenyewe analala kwenye godoro chini, peke yake. Sasa Mungu amesikia. Amepata binti, anaitwa Benitha, wa Mabira huko Kyerwa. Nimeona picha yake. Ana macho ya mtu anayekula akashiba.

Posa inapelekwa Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Sisi wa upande wa kijana ndio tunaopeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kukanyaga ndizi ni kazi ya mume wangu Byabato. Miguu yake inajulikana hapa Rugera nzima, ndizi zikiiona zinatoa maji zenyewe. Kazi yangu mimi ni kukaanga mtama wa kuchachushia na kulinda shimo. Ndizi za pombe zinafukiwa shimoni, pembeni unawasha kijimoto kisichowaka wala kisichozimika, kinachovuta moshi tu mpaka ziive. Ukikiacha kikafa, zinabaki mbichi. Ukikichochea sana, zinaiva kwa hasira na pombe inauma koo.

Jovitus alinishika mkono akasema, mama, mambo mengine yote nitayafanya mwenyewe, wewe nakuomba moto. Wakwe hawanywi pombe, wanamwonja mama wa kijana.

Nimemwambia alale usingizi. Mimi ndiye sikulala.

Ameniachia na simu ya kupangusa, ili mshenga wetu Ta Eliud na watu wa Mabira wanipate. Naiogopa. Nimeifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini pamoja na rozari.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda dukani kwa Nusra kuweka bando, maana simu ilikuwa imelala kabatini imekata kila kitu. Nusra babu yake alitoka pwani, lakini yeye amezaliwa hapa hapa, anaongea Kinyambo kunishinda. Nikamkuta anacheka peke yake nyuma ya kaunta. Nikamuuliza kama ni habari za harusi. Akasema hapana, Mama Jovitus, nimefunga goli.

Akanionyesha. Ni mchezo, uko kwenye mtandao. Hauwekwi kwenye simu, unafungua tu na uwanja huo hapo. Kuna goli, kuna kipa mwenye glavu za njano, kuna mpira. Unaweka kidole juu ya mpira, unasukuma. Basi. Hakuna kukimbia, hakuna kingine. Ukifunga wanakuongezea. Ukikosa umekwisha, unaanza upya.

Nikasema hayo ni mambo ya watoto. Nusra akasema sawa, shikamoo, bando lako limeingia. Nikasema hebu nione kidogo.

La kwanza nilipiga juu angani. La pili kipa alilidaka akalikumbatia kama mkungu. La tatu liliingia.

Sijui niandikeje. Watu wa kwenye simu walisimama. Wote. Walipiga kelele kwa ajili yangu mimi, Deodatha, nikiwa nimeshika chumvi na sabuni ya kipande.

Nilipokuwa mdogo wavulana walicheza mpira wa maganda makavu ya migomba, na sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kuufuata ukiingia kwenye mibuni. Siku moja niliupiga teke badala ya kuuokota. Mama akanichapa, akasema msichana harushi mguu. Sikurusha tena. Kumbe wangesubiri kidogo tu, mguu usingehitajika.

Nusra aliniwekea kialama fulani kwenye simu yangu, nikikibonyeza mchezo unafunguka. Nikamwambia sitabonyeza.

Alhamisi, 17 Julai

Maharage yameungua. Byabato akauliza harufu ni ya nini, nikasema kwa jirani.

Nina wasiwasi juu ya yule kipa. Kijana wa watu, anajirusha kutwa nzima, hakuna anayempa hata maji. Mama yake yuko wapi? Leo nilikuwa nimefunga mfululizo mpaka karibu namfikia Nusra, nikamwonea huruma, nikamwachia moja adake, afurahi. Mchezo ukaisha. Kumbe hawana shukrani.

Nimemweleza Nusra. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la sukari. Akasema, Mama Jovitus, wewe ndiye wa kwanza duniani kumpa kipa sadaka.

Basi simwachii tena. Nimempania Nusra pamoja na kipa wake.

Jumamosi, 19 Julai

Tumefukia ndizi. Byabato alichimba, akatandika majani, tukazipanga, tukafunika. Nikawasha moto pembeni kwa makapi ya kahawa na samadi kavu. Moshi ukaingia vizuri. Byabato akaenda kuutazama mtumbwi wa kukamulia, lile gogo alilolichonga baba yake marehemu. Aliupangusa kwa mkono kama mtu anayempangusa mtoto uso. Akasema tangu baba alipofariki hakuna posa iliyotoka humu, hii ndiyo ya kwanza. Halafu akaenda kuosha miguu, ingawa ndizi zitakanyagwa Alhamisi.

Nilimtazama nikasikia machozi. Nikasema mwenyewe moyoni, Deodatha, simu kabatini mpaka posa ipite.

Jumatatu, 21 Julai

Simu haiwezi kukaa kabatini. Je, Mabira wakipiga?

Nimepata akili. Nitafanya yote mawili. Nimekaa kando ya shimo na simu, lakini moshi unaingia machoni, na jua linafanya kioo kiwe cheusi, kipa simwoni. Nikahamia kivulini, mgombani nyuma ya nyumba. Kutoka pale shimo halionekani ila moshi wake unaonekana ukipanda juu ya migomba. Nikiuona moshi najua moto upo. Hata askari wa zamu hafanyi kazi kwa mpango kama huu.

Jovitus alipiga simu nikiwa nimeshafunga nyingi kuliko siku zote. Jina lake likaja likamfunika kipa. Nikashtuka nikamkata. Nilimpigia baadaye. Akauliza, mama, moto unaendeleaje? Nikainua macho, nikauona moshi. Nikasema, baba, unaendelea vizuri kabisa. Akasema Mungu akubariki mama.

Jumatano, 23 Julai

Nimemfikia Nusra. Tuko sawa sawa. Amesema nimebahatisha. Nimemwambia ajiandae.

Moshi bado mzuri.

Jumatano bado, jioni jioni

Jirani yangu Kokubanza alipita njiani na kuni kichwani. Kokubanza ni mjane anayepika pombe ya kuuza, na hatujapatana tangu mbuzi wake ale kabichi zangu, akasema kabichi ndizo zilizomfuata mbuzi. Akanisalimia kwa adabu isiyo ya kawaida, akaniuliza kama nina amani. Nikasema ninayo. Akasema atanikumbuka kwenye sala za jumuiya.

Sijui ana nini.

Alhamisi, 24 Julai



Byabato alikwenda asubuhi kupeleka kahawa kwenye chama cha msingi. Nikasema nifunue shimo kabla hajarudi, akute ndizi zimekaa tayari, zimekuwa njano, zinangoja miguu yake. Nikafunua. Baridi. Majivu ya zamani. Ndizi za pembeni zimeguswa kidogo na joto, nyingine zote kijani kama nilivyozifukia. Nikaimenya moja, ikatoa utomvu.

Nikasimama. Moshi bado nauona unapanda. Nikaufuata. Unatoka jikoni kwa Kokubanza.

Nimelinda moto wa Kokubanza tangu Jumatatu.

Nililia kidogo pale pale, halafu nikaacha, maana kulia hakuivishi. Nikafikiri. Pombe ya posa haiazimwi, kila mtu anajua. Nyumba inayoazima pombe ya posa ni sawa na nyumba inayoazima bwana harusi. Lakini nyumba isiyo na pombe kabisa, hiyo nayo? Kwa Kokubanza ipo, nzima, imeshachacha, tamu. Isipokuwa Byabato atauliza kwa nini hakukanyaga.

Hapo ndipo nilipochukua jembe.

Nilitaka ufa mdogo tu. Ufa wa kumwonyesha, niseme mtumbwi unavuja, ikabidi ndizi nizipeleke kwenye mtumbwi wa Kokubanza. Nikapiga kidogo. Haukupasuka. Nikapiga kidogo tena. Ukapasuka mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya mtu aliyeguna.

Nikazirudishia ndizi mbichi majani na udongo. Nikaenda kwa Kokubanza bila kuvaa viatu.

Ijumaa, 25 Julai

Kokubanza alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hataki chochote changu, wala kabichi. Anataka jambo moja. Nimwambie kinachonichekesha mgombani. Alinisikia siku nyingi nikicheka peke yangu na kusema piga, piga, kijana huyo hakuwezi. Akadhani akili imeruka. Jumuiya nzima imeshaniombea rozari mara mbili kwa kichwa changu.

Nikamwonyesha simu. Alitazama akanuna. Akasema ndiyo hii tu? Akapiga, akafunga. Akapiga tena, akafunga. Akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana. Akasema nimwachie kidogo. Tukakaa mpaka kuku wakaanza kuingia ndani.

Byabato tulimkuta amesimama kwenye mtumbwi. Nikamweleza kama nilivyopanga. Ufa, kuvuja, ndizi, mtumbwi wa Kokubanza, kijana wake ameshakanyaga. Hakugomba. Heri angegomba. Aliniuliza neno moja, miguu yangu ilikosa nini? Kisha akaenda kuosha miguu vile vile, ingawa haikuwa na kazi.

Nimemwambia Jovitus kwenye simu kuwa pombe iko tayari, nzuri sana. Hilo si uongo. Ni nzuri sana.

Jumamosi, 26 Julai

Wameondoka asubuhi. Ta Eliud mbele na fimbo na kanzu yake ya kuposea, Byabato, Jovitus amevaa koti alilolinunua kwa ajili ya leo, na pombe kwenye kibuyu kikubwa na madebe. Jovitus aliniinamia akanisalimia shikamoo mara mbili, kwa sababu alisahau kuwa ameshanisalimia. Mwanangu.

Mama wa kijana haendi. Anabaki anawaza. Nikawaza mpaka kifua kikabana. Nesi alisema presha ikipanda nitafute kinachonituliza.

Basi nilikaa mgombani. Na leo, sijui ni nini, kidole kilikuwa chepesi. Kila ninapotuma mpira unakwenda. Kulia, kushoto, kona ya juu ambako hata popo hafiki. Nikampita Nusra. Nikaendelea. Nikasahau Mabira, nikasahau kibuyu, nikasahau ufa. Sikuwa mama wa mtu wala mke wa mtu, nilikuwa mpigaji. Watu wa kwenye simu walikuwa wamesimama hawataki kukaa.

Nikasikia pikipiki. Wakashuka. Nikainuka na simu mkononi kuwapa habari njema za Nusra.

Wakapita bila salamu.

Ta Eliud peke yake ndiye aliyebaki kunieleza, maana mshenga lazima aeleze hata ya aibu. Walipokelewa vizuri. Wakapewa buni za kutafuna, heshima ya mgeni. Yeye akaisifu pombe kabla haijafunguliwa, akasema ni kazi ya mikono ya mama wa kijana, mtama aliukaanga mwenyewe, moto aliulinda mwenyewe. Kikaletwa kibuyu kwa bibi yake Benitha, Bibi Benadeta, ndiye anayeonja kwanza. Akavuta mrija. Akatulia. Akavuta tena, akauliza mama wa kijana amezaliwa wapi. Ta Eliud akasema Rugera, kwa baba na kwa babu. Bibi akasema ajabu. Mtama huu umekaangwa mpaka ukakaribia kuungua, juu ya moto wa makapi ya kahawa. Rugera wanaukaanga ukiwa mweupe. Namna hii ni ya Mabira, tena ya upande wa mtoni, kwa akina Kokubanza.

Kumbe Kokubanza kwao ni huko. Tumegombana miaka yote hii, sikuwahi kumuuliza kwao wapi.

Bibi akasema, basi pombe hii ilitoka kwetu ikaenda Rugera kutembea, sasa imerudi kutuchumbia. Watu wakacheka. Ta Eliud naye akacheka, akidhani ni utani. Halafu bibi akafunika kikombe alichowekewa juu ya mkeka, kuonyesha hanywi tena, na wengine wakafunika. Byabato alitazama chini, kwenye miguu yake.

Hawakukataa. Hawakukubali. Bibi amesema mjukuu wake hawezi kwenda kwenye nyumba ambayo mama mkwe anaazima mkono. Atakuja mwenyewe kukaa hapa, aone ndizi zikifukiwa, aone moto, aone mtama. Pombe ikiwa ya nyumba hii atakunywa, na Benitha atakuja. Isipokuwa ya nyumba hii, Jovitus aende akatafute mwingine.

Ta Eliud akamaliza kwa kusema, Mama Jovitus, mimi nimekuwa mshenga tangu nina meno yote. Hii ndiyo mara ya kwanza nimelishwa uongo nikaenda kuutapika kwa wakwe.

Jumapili, 27 Julai

Sikwenda misa ya kwanza wala ya pili. Jumuiya wataniombea, wamezoea.

Jovitus alikuja kunigongea mlango wa jikoni nilikojifungia. Nikamwambia yote. Mchezo, moshi, jembe. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akalitoa lile koti, akalikunja vizuri vizuri. Akasema, mama, sikukuomba ng'ombe. Nilikuomba moto.

Halafu akaenda nje akaubeba mtumbwi wa babu yake, vipande viwili, akavifunga kwenye pikipiki kuvipeleka Kayanga. Atajaribu kuuunga kwa gundi na vyuma. Hakusema kama utakaa.

Nimeandika hili nikidhani litatoka kichwani kama nesi alivyosema. Halitoki.

Jumanne, 29 Julai

Nimepeleka simu kwa Nusra. Nikamwambia aifungie, hata nikija nimepiga magoti asinipe. Mabira wakipiga apokee yeye. Nusra alisikitika, akanishika bega, akasema pole Mama Jovitus, mchezo hauna kosa, moto ndio ulikuwa na kazi yake. Nikasema najua. Akaniambia kwa sauti ya chini kuwa rekodi yangu bado inakaa, ameshindwa kuifikia.

Nilirudi nyumbani nikijuta njia nzima. Karibu njia nzima. Pale kwenye mteremko niliiwaza ile kona ya juu.

Ijumaa, 1 Agosti

Byabato ananisemesha sasa. Ameniomba chumvi.

Kokubanza amenunua simu yake ya kupangusa. Amepita hapa makusudi kunionyesha. Amesema amenipita mimi na Nusra, wote wawili, akiwa anamenya ndizi kwa mkono mwingine. Nikamwambia sichezi tena, nimeacha, nina mambo ya maana. Akasema vizuri, mtu akishindwa ni heri aseme ameacha.

Niliingia ndani nikakaanga mtama wa majaribio. Mweupe, wa Rugera. Nilikaanga kwa hasira, ukaungua.

Jumatatu, 4 Agosti

Bibi Benadeta amefika na fimbo na mkoba na mkeka wake mwenyewe. Mdogo wa mwili, macho ya mwewe. Nikapiga magoti kumsalimia, akaniacha pale chini kidogo kuliko inavyotakiwa. Kisha akasema inuka mwanangu, tuione hiyo mikono.

Tumefukia ndizi mbele yake. Nikawasha moto mbele yake. Akatandika mkeka kando ya shimo, akakaa. Moshi ukimpata anahamisha mkeka, haondoki. Nikimletea uji anakunywa huku anatazama moto. Nilimwomba Mungu moto usizimike, nikaupepea, nikaongeza makapi kidogo kidogo. Jioni bibi akasema, unajua kazi. Basi kilichokushinda ni nini?

Nikasema, bibi, kilinishinda kichwa.

Akatikisa kichwa chake. Sijui kwa huruma au kwa hesabu.

Jumanne, 5 Agosti

Moto mzuri. Udongo juu ya shimo una joto la mtoto mwenye homa ndogo, ndivyo unavyotakiwa. Byabato ameanza tena kuosha miguu. Jovitus amepiga simu kwa Nusra, Nusra amekuja mbio kunipa habari. Mtumbwi umeungika, ataujaribu kwa maji, ukishika anauleta kesho jioni. Benitha amempigia analia na kucheka.

Nimekaa na bibi kutwa nzima. Kumbe si mkali, amechoka tu. Amelea wajukuu sita kwa mikono hiyo hiyo. Akasema Benitha ndiye wa mwisho, akiondoka nyumba itakuwa na saa ya ukutani tu. Nikamshika mkono. Nikaona kuwa yeye naye analinda moto wake.

Nimejifunza, naandika hapa ili nesi asome. Nimejifunza.

Jumatano, 6 Agosti

Kokubanza amekuja kumsalimia bibi, kwa kuwa ni wa kwao. Ni haki yake. Ameleta na ndizi mbivu. Wakaongea ya Mabira, nani amekufa, nani ameoa. Mimi niko na moto wangu.

Halafu kwenye kanga ya Kokubanza watu wakashangilia.

Bibi akauliza wanashangilia nini humo. Kokubanza akatoa simu, akamweleza, kisha akasema kwa sauti ya kunifikia shimoni kuwa hata mama mwenye nyumba alikuwa anacheza, ila alizidiwa akakimbia. Nikaongeza makapi kwenye moto. Akasema tena, alizidiwa vibaya.

Nikasema nitapiga moja tu, bibi aone kwamba si kweli. Moja, ya heshima, nirudi kwenye moto.

Nikafunga. Bibi akasogeza mkeka karibu. Akasema huyo kijana wa njano anafanya nini pale, hana kwao? Nikamwambia hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Akataka ajaribu. Kidole chake kinatetemeka, mpira ukaenda upande usiojulikana, kipa akaruka upande mwingine, ukaingia. Bibi Benadeta alicheka mpaka mtandio ukaanguka. Ana meno mawili. Akasema sijawahi kupiga mpira tangu kuzaliwa, walinikataza. Nikasema, bibi, hata mimi. Kokubanza akasema, hata mimi.

Nikamwokotea mtandio. Halafu bibi akasema rudisha hapo mwanzo.

Jua likawa linapiga kioo, tukahamia mgombani kwenye kivuli, nyuma ya nyumba. Bibi ndiye aliyesema tuhame, si mimi. Kama kuna neno juu ya moto, yeye ndiye shahidi, naye yuko hapa ananiona sijafanya kosa lolote.

Naandika haraka, ni zamu ya bibi, akikosa ni Kokubanza, akikosa ni mimi. Jovitus anakuja jioni na mtumbwi. Nilitaka kuinuka nikatazame shimo, bibi akanivuta kanga, akasema kaa, ninyi vijana mna haraka. Na kweli haraka ya nini, kutoka hapa moshi nauona, unapanda vizuri kabisa juu ya migomba. Kokubanza naye anauona. Anasema ameacha maharage jikoni kwake, yatakuwa yanakaribia kuiva.